Mguu bandia umevaliwa, ulemavu umekwenda wapi?

Wanajeshi wastaafu wanaokuja karakana yetu hapa Uganda, wengi wao watu wa Kiswahili tangu kambini, huniuliza: "Fundi, nikishauzoea mguu huu, bado nitahesabiwa mlemavu?" Wengine huuliza kwa matumaini. Wengine kwa wasiwasi, maana jina hilo ndilo linalowaweka kwenye orodha ya misaada.

Huwajibu kuwa ndiyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 haitazami mwili peke yake; inataja pia vizuizi vya mazingira vinavyompunguzia mtu nafasi ya kushiriki. Mimi natengeneza mguu. Ngazi za jengo la ghorofa tano lisilo na lifti pale Kampala siziwezi.

Na mguu wenyewe una mambo yake. Soketi, yaani kikombe kinachoingia kigutu (sehemu ya mguu iliyobaki), tunaiunda kwa plasta iliyochukua umbo la kigutu hicho, lakini kigutu hakikai na umbo moja. Kadiri siku inavyosonga kinapungua, soketi inaanza kucheza, ngozi inachubuka. Mvaaji mzoefu hutembea na soksi za ziada za kuvika kigutu, akaongeza moja mchana, nyingine jioni. Jua likiwaka, jasho linaleta utelezi. Anayemwona akipita na suruali ndefu hayajui haya, humwambia, "Wewe umeshapona." Akiomba kiti kwenye foleni, anaonekana anadeka. Hilo linaniuma sana.

Michezoni mambo yamegeuka kabisa. Mkimbiaji Oscar Pistorius wa Afrika Kusini alizuiwa Januari 2008 kushindana na wasio na ulemavu, kwa hoja kwamba miguu yake ya nyuzi za kaboni inampa faida. Mei mwaka huohuo mahakama ya usuluhishi wa michezo ikamruhusu, na mwaka 2012 akakimbia mita 400 kwenye Olimpiki ya London. Mkimbiaji Mmarekani Blake Leeper alikataliwa mwaka 2020, kwa kuwa miguu yake bandia ilimfanya mrefu kupita kimo ambacho mwili wake ungefikia. Mtu aliyehesabiwa pungufu tangu utotoni, leo anaambiwa amezidi!

Habari hizi hutufikia kwenye simu, watu wakaamini teknolojia imemaliza kazi. Mkono wa umeme unaosoma ishara za misuli upo kweli, ila unataka chaji, na spea zake zinatoka ng'ambo. Mkulima hufaidika zaidi na ndoano ya chuma inayovutwa kwa kebo ya begani: inashika jembe, inavumilia matope, na fundi wa hapa anaimudu. Lakini familia nyingi hutaka kitu kinachofanana na mkono, hata kama hakishiki chochote. Nawaelewa, macho ya watu ni mazito.

Nisichokubali ni mwajiri kumwambia kijana arudi akishapata mkono, ilhali kazi yenyewe ni kupokea simu. Kijana wa namna hiyo akija, siku hizi sianzi na vipimo. Namwandikia barua ya kumpelekea mwajiri, ikieleza kazi anazoweza kufanya leo kwa mkono mmoja, kisha ndipo tunazungumza kuhusu kifaa anachokitaka yeye.