Chyulu haina mto
Wengi Mombasa husema: maji ya bomba la chemchemi za Mzima asili yake ni vilima vya Chyulu, basi anayekwenda kupiga hema huko atayakuta tele. Sivyo. Vilima vya Chyulu ni majivu na mawe ya volkeno yenye vitundu kama sifongo. Mvua ikinyesha huzama chini, ije kuibukia Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi. Juu hakuna mto. Beba lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Za kuoga shauri yako. Ndara ziache nyumbani, mawe yale hukata soli laini. Vigingi havipenyi kwenye lava, kwa hiyo funga kamba za hema kwenye mawe mazito. Na sweta, jamani: kilele kinapita mita 2,100.