Wati nyingi hazimalizi Yaka yako

Jamani hii hadithi ya kwamba ukiweka pawa saplai (kile kiboksi kinacholisha kompyuta umeme) ya wati 750 kwenye kompyuta basi yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zitaisha haraka, au itasukuma umeme mwingi mpaka iunguze kadi ya picha, hapa Kampala nimeisikia tangu enzi za monita zile za mgongo na bado ipo. Si kweli. Hiyo 750 ni uwezo wa juu tu, vifaa ndo vinavuta kiasi vinachotaka, ni kama tangi kubwa la maji, halikulazimishi uchote jerikeni mbili wakati unataka moja. Mashine ikivuta wati 300 na saplai ina ufanisi wa asilimia 85 (yaani unaobaki unapotea njiani), kwenye soketi itachukua kama 353, iwe imeandikwa 500 au 750.

Cha kuangalia ukinunua saplai ni stika yake, hasa laini ya volti 12 maana ndo inalisha prosesa na kadi ya picha. Zidisha 12 kwa ampea zake: ukikuta ampea 20 basi ni wati 240, hata kama boksi limeandikwa 500 kwa herufi za dhahabu (hizo mi nazikimbia). Halafu waya: pini 24 za mazabodi (bodi kuu), 8 za prosesa, na za kadi. Zile waya zinazochomoka kwenye saplai usichanganye na za saplai nyingine hata kama zinaingia, mpangilio wa pini unaweza kuwa tofauti na diski ikaungua papo hapo.