Swali la binti wa Kasulu: je, nikeli inaweza kuvuta gesi ya jiko la mkaa kwenye damu?

Juzi nilikuwa Kasulu kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha sita wanaosoma kemia. Wenzake walipotoka, binti mmoja akabaki. "Shikamoo mwalimu. Tumesoma kwamba nikeli hushikana na kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la mkaa. Na nikeli ipo hapo Kabanga, kwa jirani zetu wa Ngara. Sasa mtu aliyelala na jiko ndani, kwa nini asipewe nikeli imvutie ile gesi?"

Nimerudi nalo Kigoma mjini swali hilo, maana kikemia binti hakukosea.

Ludwig Mond alikuwa na kiwanda Uingereza, na vali zake za nikeli zilikuwa zikiharibika bila sababu ya kueleweka. Yeye na wenzake, Carl Langer na Friedrich Quincke, wakapitisha kaboni monoksaidi juu ya unga laini wa nikeli uliopashwa moto, kisha wakaiwasha gesi iliyotokea upande wa pili. Kwa kawaida gesi hiyo huwaka kwa mwali wa buluu. Safari hii mwali uling'aa, na kigae baridi cha kauri kilipowekwa ndani yake kikabaki na madoa ya nikeli. Nikeli ilikuwa imepaa pamoja na gesi! Walitangaza ugunduzi huo mwaka 1890: atomu 1 ya nikeli imebeba molekuli 4 za kaboni monoksaidi, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 43, sawa na maji ya moto ya kuoga.

Kimiminika hicho ni sumu kali kuliko gesi yenyewe. Aliyekivuta huumwa kichwa, hupata nafuu akadhani yamekwisha, halafu baada ya saa 12 hadi 36 mapafu huanza kujaa maji. Kwa hiyo nikeli tupu haimfai mgonjwa wetu hata kidogo.

Kuna utafiti mwingine wa nikeli ninaoupenda zaidi. Hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ina viti vinne, kila kimoja kimekaliwa na chuma, na chuma hicho hushika kaboni monoksaidi kwa nguvu inayozidi ile ya kushika oksijeni zaidi ya mara 200. Watafiti walitoa chuma kwenye baadhi ya viti wakaweka nikeli. Ajabu ni kwamba nikeli ikikaa pale haishiki oksijeni wala kaboni monoksaidi. Kiti kinabaki kitupu daima, hivyo unaweza kuijaza nusu nyingine ya molekuli kwa gesi na kutazama jinsi viti vinavyoathiriana. Na vinaathiriana sana: gesi ikikalia kiti kimoja, viti vilivyobaki hung'ang'ania oksijeni yao badala ya kuiachia mwilini. Ndiyo maana mtu aliyepungukiwa damu taratibu hadi ikabaki nusu anaweza kuja zahanati kwa miguu yake, lakini ambaye nusu ya damu yake imezibwa na gesi hii huenda asijitambue.

Niliyaona haya kwa jirani yangu wa Mwanga, usiku wa mvua kubwa. Mkaa ulikuwa umekolea vizuri, mwekundu, bila moshi hata chembe, na kanga imesokotwa chini ya mlango kuzuia baridi. Tulipomfikisha kituo cha afya, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 98, na yeye hakuweza kutaja jina la mwanawe. Kipimo hicho huangalia wekundu wa damu, na damu iliyobeba kaboni monoksaidi ni nyekundu vilevile. Nilimsihi muuguzi asikiamini. Akamfunga barakoa ya oksijeni, mtungi ukafunguliwa hadi mwisho. Kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi huchukua saa 4 hadi 6 kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni tupu ni kama saa moja na nusu. Kabla ya alfajiri alimwita mwanawe kwa jina.

Nilimweleza binti pia kwamba wapo bakteria wanaoila gesi hii kama chakula, mfano Carboxydothermus hydrogenoformans wa chemchemi za moto. Kimeng'enya chao, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kina nikeli iliyofungwa pamoja na chuma na salfa, na huigeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi. Tatizo ni kwamba oksijeni hukiharibu, na oksijeni ndiyo dawa tunayompa mgonjwa.

Alifikiri kidogo. "Na kama kingepatikana kisichoiogopa oksijeni?"

Kipo, bakteria wengine wanacho, ila ndani yake hakuna nikeli: kuna molibdeni na shaba. Nimemwahidi kumpelekea mchoro wake nikirudi Kasulu.