Pembe, mrututu na pareto: mwaka mmoja kwenye mizabibu ya Abruzzo

Katika kilimo cha mizabibu cha baiodainamiki, yaani kilimo hai kinachofuata mafundisho ya Rudolf Steiner, hakuna dawa inayopenya ndani ya mmea na kuuponya. Unachonyunyizia hukaa juu ya jani, na mvua kubwa ikinyesha hukiosha. Ndiyo sababu naamini njia hii inaifaa familia yenye hekta chache kuliko kampuni kubwa: anayeamua ndiye huyohuyo anayeshika bomba, na nyumba yake iko palepale shambani. Nitaeleza kazi ya mwaka kwa mfano wa Abruzzo, katikati ya Italia upande wa bahari ya Adriatiki, kwa sababu hali ya hewa ya huko huonyesha nguvu na udhaifu wa njia hii waziwazi.

Mfano ninaoutumia zaidi ni shamba la Emidio Pepe, Torano Nuovo, wilaya ya Teramo huko Abruzzo. Alianza mwaka 1964. Baada yake wakaja binti zake Sofia na Daniela, na sasa mjukuu wake Chiara ndiye anayetengeneza mvinyo. Shamba linalimwa kwa baiodainamiki tangu 2005. Zabibu kuu ni mbili: Trebbiano d'Abruzzo, nyeupe, na Montepulciano d'Abruzzo, nyekundu, ambayo huchelewa kuiva na mara nyingi huvunwa Oktoba. Upande mmoja kuna mlima Gran Sasso, wenye mita 2,912, na upande wa pili kuna bahari. Na mavuno ni mara moja tu kwa mwaka. Mkulima wa Dodoma, ambaye mizabibu yake huzaa mara mbili, akiharibikiwa msimu mmoja bado ana wa pili. Wa Abruzzo atasubiri miezi 12.

Kazi huanza vuli, zabibu zikishatoka shambani. Hapo ndipo huandaliwa mchanganyiko nambari 500. Chanzo chake ni mihadhara minane aliyoitoa Steiner, mwanafalsafa wa Austria, mwezi Juni 1924 kijijini Koberwitz, ambako leo ni Poland. Unahitaji pembe za ng'ombe jike aliyekwisha kuzaa na mavi mabichi ya ng'ombe wanaokula nyasi, si pumba na mashudu. Mavi yawe yameshikana, yasiwe uji. Yashindilie mpaka ncha ya pembe, kisha zika pembe kina cha sentimita 40 hadi 50, mdomo ukielekea chini ili maji yasituame ndani. Hufukuliwa majira ya kuchipua, karibu na Pasaka.

Iliyoiva huijua kwa vidole na pua. Ukiigonga pembe kwenye ubao, kilichomo hutoka kipande kizima, cheusi kama kahawa iliyokaangwa sana. Kifinye: kinateleza kama udongo wa mfinyanzi, na harufu ni ya udongo wa msituni baada ya mvua. Ukiona bado ni kijani na kinanuka kinyesi, shimo lilikuwa na maji au mavi yalikuwa mepesi mno. Ukikuta pembe karibu tupu, imejaa mizizi myembamba, ulizika karibu na miti.

Kipimo ni takriban gramu 100 kwa hekta, katika lita 30 hadi 40 za maji ya mvua au ya kisima yasiyo na klorini, yaliyopashwa yakawa vuguvugu kama joto la mwili. Koroga kuelekea upande mmoja mpaka maji yafanye shimo la mzunguko linalokaribia kitako cha pipa, kisha geuza upande ghafla. Endelea hivyo kwa saa 1 kamili. Nyunyizia jioni, kwa matone makubwa, juu ya udongo wenye unyevu, na umalize ndani ya saa chache. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutumia bomba lilelile la mrututu, dawa ya shaba ya kuzuia kuvu. Mabaki ya shaba huweza kuua vijidudu ulivyovitunza ndani ya pembe miezi sita. Tenga bomba lake.

Je, gramu 100 kwenye hekta nzima zinafanya lolote? Majaribio yaliyolinganisha baiodainamiki na kilimo hai cha kawaida hayajaonyesha tofauti kubwa na ya kudumu inayotokana na mchanganyiko huu peke yake. Italia yenyewe ilibishana jambo hili bungeni: sheria ya kilimo hai iliyopitishwa Machi 2022 ilitolewa kifungu kilichoitaja baiodainamiki kuwa sawa na kilimo hai, baada ya wanasayansi kupinga. Mimi nasimama hapa: anayenyunyizia 500 hulazimika kutembea mstari kwa mstari mara mbili au tatu kwa mwaka, akiangalia udongo na si majani, na faida hiyo naiona hata pale nisipoweza kuipima. Lakini asitarajie pembe imfanyie kazi ya mboji na mbegu.

Mbegu ndizo zenye uzito. Septemba na Oktoba, kati ya mstari na mstari, hupandwa maharage madogo ya favino, vechi, shayiri na haradali, jumla kilo 100 hadi 150 kwa hekta. Jamii ya kunde huleta naitrojeni, shayiri huleta mizizi mingi inayoshika udongo wa mteremko, na haradali hupasua udongo mgumu. Aprili au Mei, favino ikichanua, zinakatwa, zinaachwa zinyauke siku mbili tatu, kisha zinachanganywa na udongo sentimita 10 za juu tu. Ukizifukia kirefu zikiwa mbichi, zinaoza bila hewa na mizizi ya mzabibu inaumia. Ukichelewa mpaka zitoe mbegu, mabua yanakuwa makavu kama makuti, na vijidudu vinavyoyaozesha hula naitrojeni ileile uliyotaka iende kwa mzabibu.

Sasa tufike kwenye mvua. Adui mkubwa wa Abruzzo ni ubwiri vinyoya, ambao Waitalia huuita peronospora. Wakulima wa huko wana kanuni ya makumi matatu: chipukizi likifika sentimita 10, joto likawa nyuzi 10, na mvua ikanyesha milimita 10 ndani ya siku moja au mbili, maambukizi ya kwanza yanawezekana. Siku kadhaa baadaye jani linakuwa na doa la manjano, mviringo, kama limedondokewa na mafuta ya kupikia. Geuza jani asubuhi baada ya usiku wenye unyevu: chini ya doa kuna manyoya meupe, laini kama vumbi la unga. Ukishayaona manyoya hayo umeshachelewa kwa mzunguko huo, kwa sababu shaba haiui kuvu aliyekwisha kuingia ndani. Inazuia mbegu zake zisiote, basi.

Wakulima wa kahawa Kilimanjaro wanaijua shaba kwa jina la mrututu. Abruzzo huchanganywa na chokaa, au hutumika katika muundo wa haidroksaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu kilo 28 za shaba halisi kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Alama ya Demeter, inayothibitisha mazao ya baiodainamiki, huishusha hadi wastani wa kilo 3. Piga hesabu. Ukitumia gramu 250 kila unaponyunyizia, una safari 12 tu. Mvua ya milimita 20 hadi 25 huosha kinga karibu yote, na kila jani jipya linalofunguka halina kinga kabisa. Kwa hiyo anayejua kazi hasubiri siku 7 za kalenda. Hutazama utabiri, hunyunyizia jioni ya kuamkia mvua, na kama mvua haikuja haongezi kitu mpaka majani mapya yawe mawili au matatu.

Masika ya 2023 mvua ilinyesha mfululizo, udongo ukalowa trekta zikashindwa kuingia, na Abruzzo ikawa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi nchini. Wenye mteremko wenye nyasi kati ya mistari waliweza kuingia mapema kuliko waliolima udongo ukabaki wazi. Na mwenye bomba la mgongoni anaingia pale trekta inapozama, ingawa hekta moja kwa mgongo inatesa.

Kichanja cha Abruzzo, pergola, hupandisha majani karibu mita 2 juu ya ardhi. Hukinga zabibu na jua kali la Agosti, na maji yanayoruka kutoka ardhini hayafiki majani kwa urahisi. Udhaifu wake ni kwamba katikati ya kichanja, matawi yakiachwa yabanane, hewa haipiti na dawa inayopigwa kutoka chini haifiki juu. Kupunguza machipukizi mwezi Mei, kwa mkono, ni kinga bora kuliko safari mbili za mrututu.

Kwa ubwiri unga hutumika salfa, ileile wanayopuliza wakulima wa korosho Mtwara. Inafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 30. Ikivuka 32 huunguza majani na ngozi ya zabibu. Mchanganyiko 501, unga wa kwatsi gramu chache tu kwa hekta, unaoaminiwa kuuvutia mmea mwanga, hunyunyiziwa alfajiri kwa ukungu mwembamba. Usiuguse wakati wa ukame. Mzabibu wenye kiu haufai kusukumiwa mwanga zaidi.

Pareto inastahili maelezo marefu kidogo, hasa kwa msomaji wa Mufindi, Nyandarua au Musanze. Italia, hasa kaskazini huko Piemonte, Veneto na Friuli, kuna ugonjwa wa flavescence dorée usio na tiba, unaosambazwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu, Scaphoideus titanus. Tangu 2000 sheria inalazimisha kumdhibiti katika maeneo yaliyotangazwa, na mkulima wa kilimo hai hutegemea pareto. Ua hili asili yake ni Dalmatia, ng'ambo ya bahari ya Adriatiki ukitazama kutoka Abruzzo, lakini leo hulimwa pia kwenye milima ya Afrika Mashariki.

Wengi wanailaumu pareto kwamba ni dhaifu, kumbe wameipiga vibaya. Jua huivunja ndani ya saa chache, kwa hiyo hupigwa giza linapoingia. Maji yenye chokaa huiua, basi maji hutiwa asidi ya limau mpaka pH, kipimo cha uchachu, iwe 6 hadi 6.5, na kamwe haichanganywi na mrututu wenye chokaa katika pipa moja. Lazima imguse mdudu, naye akiwa mchanga hujificha chini ya jani, hadi kwenye machipukizi ya shinani. Hupigwa mara mbili, siku 7 hadi 10 kati yake. Na nyasi zinazochanua hukatwa kwanza, kwa kuwa pareto haichagui: huua na nyuki.

Zabibu zikiingia ndani, kwa Pepe nyeupe hukanyagwa kwa miguu kwenye mapipa ya mbao yaliyo wazi, na nyekundu hutenganishwa na vikonyo kwa mikono, juu ya wavu. Huchachuka kwenye matangi ya saruji yaliyopakwa kioo ndani. Hamira ni ile iliyokuja na zabibu, na hapa ndipo shamba dogo linaweza kupoteza mwaka mzima. Asiye na uhakika na avune kilo 50 hadi 100 wiki moja kabla, aziache zichachuke ndoo pembeni, azionje na kuzinusa. Zikiwa safi, huziongeza kwenye tangi kiasi cha asilimia 2 au 3. Zikinuka siki au rangi ya kucha, humwaga na kujaribu ndoo nyingine. Angalia pH pia. Mvinyo wa pH 3.8 unahitaji salfaiti huru, yaani kihifadhi ambacho bado kinafanya kazi, karibu mara 4 ya ile ya pH 3.2 ili kupata kinga ileile, na kilimo hai Ulaya kina kikomo cha jumla cha miligramu 100 kwa lita kwa nyekundu kavu. Zabibu zilizochelewa kuvunwa, ambazo pH yake hupanda, hukumaliza hapo.

Mvinyo huo haupiti kwenye mapipa ya mwaloni. Hukomaa ndani ya chupa, miaka kwa miaka, na sira hushuka upande mmoja kama vumbi la zambarau. Kabla ya kuuzwa, chupa ya zamani hufunguliwa, mvinyo humiminwa taratibu kwa mkono kwenye chupa mpya, na mmiminaji husimama pale tu mstari wa kwanza mweusi unapofika shingoni.