Vitanda vya sleji havikutokana na magari ya theluji

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai vitanda vya sleji, vile vyenye mbao zilizojikunja kichwani na miguuni, vilichongwa kutokana na sleji mbovu, yaani magari ya kuteleza kwenye theluji. Si kweli. Mtindo huu ulishamiri Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1800, ukiiga makochi ya Wagiriki na Warumi wa kale. Wafaransa wenyewe hukiita kitanda cha mashua! Jina la sleji ni la mfanano tu, na ndilo linalowachanganya watu.

Kagua mwenyewe: kitanda kina mifumbati na matendegu, hakina reli za kutelezea. Vingi vya kale vina ncha mbili za kimo sawa, kwa kuwa viliwekwa ubavu ukutani. Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo.