Je, wajua kwa nini alama kupanda si ushahidi kwamba mbinu mpya ya kufundishia imefaulu?

Mwalimu anaanza kutumia mbinu mpya, na mada inapoisha wastani wa darasa umetoka 40 hadi 55. Inapendeza, ila wanafunzi hao wangefundishwa kwa mbinu ya zamani nao wangepanda. Swali ni wangefika wapi, na jibu hupatikana kwenye mkondo wa pili: mada ileile, vipindi vilevile, ikiwezekana mwalimu yuleyule, mbinu tu ndiyo tofauti.

Mikondo yote miwili hufanya jaribio la awali na la mwisho. Hapo wengi hutoa tu alama za mwanzo kwenye za mwisho, wakasahau kwamba aliyeanza na 80 amebakiwa na nafasi ya alama 20 tu. Gawa ongezeko kwa nafasi iliyokuwepo. Kutoka 40 hadi 55 ni 15 kwa 60, yaani 0.25, kutoka 80 hadi 90 ni 10 kwa 20, yaani 0.5. Mwaka 1998 Richard Hake wa Marekani alitumia kipimo hiki kwa kozi 62 za fizikia zenye wanafunzi zaidi ya 6,000. Kozi za mihadhara ya kawaida zilipata wastani wa 0.23, zile ambazo wanafunzi walijadili na kushiriki, 0.48.

Hesabu hiyo haina maana kama data imeharibika. Jumuisha waliofanya majaribio yote mawili tu, kwani wanaotoroka au kuacha kozi mara nyingi ni wale dhaifu, na wakikosekana mwishoni wastani hupanda wenyewe. Usichague waliofeli vibaya kuwa kundi la mbinu mpya: baadhi yao siku ile walikuwa na bahati mbaya tu, na wangepanda hata usipofanya lolote. Maswali nayo yasifanane mno na mazoezi ya kundi moja. Rudia jaribio wiki kadhaa baadaye, maana upya wa jambo huwachangamsha wanafunzi kwa muda.

Vipi kuhusu kuwauliza wenyewe kama wamejifunza? Utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa 2019 ulikuta waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, lakini wakahisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mihadhara. Kutoa jasho la kufikiri walikuchukulia kama kutoelewa. Kwenye hojaji, basi, waulize walikwama wapi.