Mjamzito asisubiri kujifungua ndipo achanjwe korona

Baada ya Waziri wa Afya wa Kenya kutangaza, tarehe 21 Novemba 2021, kwamba kuanzia 21 Desemba asiyekamilisha chanjo ya korona hatahudumiwa ana kwa ana katika ofisi za serikali, foleni zetu za chanjo hapa Lamu zilibadilika sura. Vijana waliokuwa wakitukwepa tangu chanjo ilipoingia nchini mwezi wa Machi walianza kufika kabla ya sisi kufungua mlango. Hilo lilikuwa jema. Ila kwa upande wa wajawazito, agizo hilo lilizua mambo mawili ambayo tulipenda yakome.

La kwanza lilikuwa kuficha mimba. Mama anakaa kitini, buibui limemfunika vizuri, muuguzi anamuuliza kama ni mjamzito, anajibu la. Sindano ikishatoka mkononi ndipo anauliza, kwa sauti ya chini, kama mtoto atadhurika. Mama, swali hilo huulizwa kwanza! Hatuulizi ili tukufukuze. Tunauliza ili tuandike katika kijitabu chako cha kliniki, tujue umechanjwa chanjo gani na mimba ina wiki ngapi.

La pili lilikuwa kinyume chake. Walikuwapo waliokuja kutaka barua ya kuthibitisha ujauzito ili waipeleke kazini wasamehewe chanjo. Barua hiyo hatukuitoa. Ujauzito haukuwa sababu ya kusamehewa. Wizara ya Afya ilikwisha kuruhusu wajawazito na wanaonyonyesha wachanjwe, na ukituuliza sisi, hao ndio wangetangulia.

Mimba ikikua husukuma juu msuli wa kupumulia, mapafu yakakosa nafasi. Moyo nao unafanya kazi ya watu wawili, na damu ya mjamzito huganda kwa wepesi kuliko ya mwanamke mwingine. Korona ikiingia hapo, inakuta mlango wazi. Mjamzito aliyeambukizwa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi kuliko mwenzake wa umri ule ule asiye na mimba, na ya kujifungua kabla ya siku zake kuliko mjamzito asiyeambukizwa. Uingereza, kati ya Julai na Septemba mwaka 2021, karibu mmoja kati ya kila 5 wa wagonjwa wa korona waliowekwa kwenye mashine ya kutia damu oksijeni nje ya mwili alikuwa mjamzito ambaye hajachanjwa. Mashine hiyo hutumika pale ile ya kupumulia inaposhindwa. Sisi Lamu hatuna. Na aliye kule visiwani, Kizingitini au Kiwayu, akibanwa na pumzi usiku, kwanza atafutiwe boti, tena bahari iwe imekubali.

Kuhusu usalama, wajawazito zaidi ya 35,000 waliochanjwa Pfizer na Moderna huko Marekani walifuatiliwa na matokeo yakachapishwa mwezi wa Aprili 2021. Kwa wale ambao mimba zao zilikwisha, kuharibika kwa mimba na kuzaa njiti hakukuzidi viwango vilivyojulikana kabla ya korona. Hakuna virusi hai vya korona ndani ya chanjo hizi, kwa hiyo haziwezi kukuambukiza wewe wala mtoto. Kinga anayoipata mama hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na anayenyonyesha huipitisha katika maziwa. Basi anayeambiwa aache kunyonyesha baada ya sindano asisikilize.

Maneno ya kwamba chanjo inafunga kizazi tuliyasikia mwaka 2014 kuhusu chanjo ya pepopunda, na wanawake wa nchi hii wameendelea kuzaa. Hatutayarudia hapa. Anayekunywa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, na anywe, kombe na sindano havigombani. Bali kujifukiza hatukubaliani nako hata kidogo kwa mjamzito: sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka inaunguza, na haiui korona.

Utaratibu ni huu. Njoo na kitambulisho na kijitabu cha kliniki. Utaelezwa faida na madhara, kisha wewe mwenyewe ukubali au ukatae. Sahihi ya bwana haihitajiki, wala ya mavyaa, ingawa wakitaka kuja kuuliza tutawajibu. Mwambie muuguzi kama umewahi kudhurika na chanjo au dawa yoyote. Mimba ikiwa changa na una wasiwasi, zungumza nasi, usipotee hadi arubaini ya mtoto. Ukishachomwa utakaa dakika 15. Aliyewahi kupata mzio mkali atakaa 30. Mkono utauma, pengine upate homa na uchovu siku moja au mbili. Homa usiiache, meza Panadol. Usimeze Brufen wala Diclofenac, hasa mimba ikipita wiki 20, hata kama duka la dawa la mtaani limekupa.

Wa visiwani walitulaumu mwaka 2021 kwamba tuliwapa siku maalumu. Chupa moja ya chanjo ya AstraZeneca ilikuwa na dozi 10 na ikishafunguliwa ilikuwa na saa 6 tu, zilizobaki zilimwagwa. Hatukuweza kuifungua kwa mama mmoja. Siku ya boti ilipotangazwa msikitini, tuliwaomba wajikusanye.

Sasa vyeti vya chanjo. Cheti halisi hutoka katika mfumo wa Wizara baada ya taarifa zako kuingizwa siku ya sindano, na hakiuzwi. Anayekuuzia cheti bila sindano anakuuzia kesi. Kughushi hati, kwa kifungu cha 349 cha Sheria ya Adhabu, ni kifungo cha hadi miaka 3, na kwa kifungu cha 353 anayeitumia hati hiyo akijua ni ya uongo huadhibiwa sawa na aliyeighushi. Muuguzi atakayekubali kuandika jina la mtu ambaye hakuchomwa yumo katika shauri hilo hilo, na kazi ameiweka rehani. Tunalisema kwa sababu tumekwisha kuombwa. Kliniki ya wajawazito, kwa upande wake, haimwombi mama cheti cha korona ili apimwe.

Jambo la mwisho ni nambari ya simu. Wengi wenu mnatuandikisha nambari ya bwana, na bwana yuko baharini. Ujumbe wa dozi ya pili unamfikia yeye huko kwenye nyavu. Leta nambari yako, au ya dada anayekaa nyumbani, na tarehe ya kurudi tutaiandika pia kwa kalamu kijitabuni: mwaka 2021 ilikuwa siku 28 kwa Moderna, wiki 8 hadi 12 kwa AstraZeneca. Wa Johnson & Johnson wakati huo hakuwa na dozi ya pili, kwa hiyo hakuletewa ujumbe.